Zamu ya Kitabu na Zamu ya Mpira: Mwalimu wa Taaluma na Mwalimu wa Michezo Wanapotofautiana

Utangulizi

Mwalimu mpya anapofika katika shule ya msingi, huenda akapewa kazi mbili katika juma lake la kwanza: kufundisha hisabati katika darasa la mwisho, na kuwa mwalimu wa michezo, kwa kuwa yeye ni kijana na bado ana pumzi. Hupokea kazi zote mbili kwa furaha. Haipiti miezi miwili kabla hajagundua kwamba kazi hizo zinadai saa zilezile za watoto walewale. Na kama hakupewa zote mbili, basi atakuwa na moja, na mwenzake katika ofisi ya walimu atakuwa na nyingine; mvutano ambao ungekuwa ndani ya mtu mmoja utakuwa baina ya watu wawili.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi auelewe mvutano huo, na aweze kuumaliza bila ya kumwumiza mtoto. Hoja yetu ni moja. Ugomvi huu husemwa kana kwamba ni ugomvi wa kitabu na mpira. Kwa hakika ni ugomvi wa saa. Na saa, kama maji ya kumwagilia, hugawanywa kwa amani pale tu zamu zinapopangwa kabla ya bwawa kufunguliwa.

Mfano kutoka Makanya

Makanya ipo katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, kwenye tambarare iliyo chini ya Milima ya Upare ya Kusini, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na ya reli itokayo Tanga. Milima hiyo huzuia sehemu kubwa ya mvua zitokazo upande wa bahari, kwa hiyo nchi ya chini ni kavu na jua lake ni kali. Watu hulima, hufuga, hufanya kazi katika mkonge na huchimba jasi.

Tuchukue shule ya kufikirika katika mahali hapa pa kweli. Katika darasa la mwisho yumo msichana ambaye ni mfungaji hodari wa timu ya netiboli. Katika hisabati yeye ni dhaifu, hasa katika sehemu na desimali. Ni mwezi wa Mei. Timu zinajiandaa kwa mashindano ya kata na ya wilaya, na mtihani wa mwisho utafanyika Septemba. Mwalimu wa hisabati ameweka kipindi cha ziada saa tisa alasiri. Mwalimu wa michezo ameweka mazoezi saa ileile.

Mwalimu wa hisabati anamwambia msichana, "Ukienda uwanjani, usirudi darasani kwangu." Mwalimu wa michezo anamwambia, "Usipokuja leo, naliondoa jina lako katika timu." Na nyumbani mama yake anamngoja akateke maji kabla jua halijatua.

Tuutazame mfano huu kwa makini. Watu wazima watatu wana madai juu ya alasiri moja. Hakuna hata mmoja aliyezungumza na mwenziwe. Wote wamezungumza na mtoto. Hivyo mtoto amefanywa hakimu wa wakubwa. Mtoto aliyelelewa kwa adabu hawezi kumwambia mkubwa mmoja "sitaki" ili amridhishe mkubwa mwingine. Atajificha, au atasema anaumwa, au atatoroka pande zote mbili. Kisha walimu wote wawili watamwita mtoro. Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi hizo zina jina katika daftari la mahudhurio.

Hoja za pande zote mbili

Yafaa tuzitendee haki hoja za kila upande, maana mwalimu asiyeweza kuieleza vema hoja ya mwenziwe hawezi kusuluhisha naye.

Mwalimu wa taaluma husema kwamba muda uliopotea haurudi. Hoja hii ina uzito, nasi tunaweza kuipima. Tuseme mchezaji anakosa vipindi 2 kila wiki kwa wiki 10, na kila kipindi ni dakika 40. Amekosa vipindi 20, yaani dakika 800, ambazo ni saa 13 na dakika 20. Ikiwa timu itakaa kambini siku 10 za masomo, na kila siku ina vipindi 8, atakosa vipindi vingine 80. Mwalimu wa michezo anayesema "ni siku chache tu" na akae chini afanye hesabu hiyo kwa mkono wake.

Mwalimu wa michezo naye husema kwamba mtoto si kichwa peke yake. Hoja hii pia ina uzito. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unataja haki ya elimu katika Ibara ya 28, na haki ya kupumzika na kucheza katika Ibara ya 31. Mkataba haukuifanya haki moja kuwa zawadi ya kutimiza nyingine. Tena, miaka mingi kabla ya hapo, andiko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 lilikwisha kuilaumu shule inayomthamini mtoto kwa matokeo ya mtihani pekee. Kwa mtoto aliye dhaifu darasani, uwanja huenda ukawa mahali pekee shuleni ambapo jina lake hutajwa kwa sifa. Kumwondoa hapo ni kuondoa sababu iliyokuwa ikimleta shuleni.

Kosa la kuchanganya mambo mawili

Lakini katika hoja ya mwalimu wa michezo hujificha kosa ambalo hatuna budi kulifichua. Kuna michezo ya wote, na kuna mashindano ya wachache. Mara nyingi tunataja faida za jambo la kwanza ili kudai saa za jambo la pili.

Katika miaka ya 1970, huko Trois-Rivières katika jimbo la Quebec nchini Kanada, lilifanywa jaribio maarufu katika shule za msingi. Kundi moja la wanafunzi lilipewa saa 5 za ziada za elimu ya viungo kila wiki, na muda huo ulichukuliwa katika masomo mengine. Ilitarajiwa na wengi kwamba wangerudi nyuma darasani. Hawakurudi nyuma, walikwenda sawa na wenzao, na katika mambo fulani waliwapita. Jaribio hili ni hoja nzuri sana kwa mwalimu wa michezo. Lakini tuangalie lilihusu nini: lilihusu vipindi vya watoto wote, vilivyopangwa katika ratiba, vikiongozwa na walimu waliofunzwa kazi hiyo. Halikuhusu wachezaji wachache kuondolewa darasani ili kushinda kombe.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo anapoomba saa, tumwulize kwa heshima: saa hizi ni za watoto wangapi? Ikiwa ni za wote, zina haki ya kuwamo katika ratiba kama somo lolote, na mwalimu wa taaluma hana ruhusa ya kuzigeuza kuwa masahihisho ya hisabati. Ikiwa ni za wachache, zinahitaji makubaliano ya namna nyingine, kwa sababu kila saa inayochukuliwa lazima irudishwe.

Mafunzo kutoka kwingine

Mashindano ya shule zetu za msingi huitwa UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Ni vema mwanachuo alitazame neno la tatu na la tano la jina hilo la Kiswahili: michezo na taaluma vimewekwa pamoja, na kiunganishi kilicho katikati ni "na", wala si "au". Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kisha yakarejeshwa. Funzo tunalolipata ni kwamba kufuta upande mmoja si kusuluhisha. Swali la namna ya kugawa saa lilibaki palepale, likingoja kujibiwa katika kila shule.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano mwingine. Mwaka 1976 mtawa kutoka Ireland, Colm O'Connell, alikuja kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's mjini Iten. Hakuja akiwa mkufunzi wa riadha. Aliingia katika kazi hiyo baada ya kufika. Miongoni mwa waliopita katika shule hiyo ni Peter Rono, aliyeshinda mbio za mita 1500 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Miaka mingi baadaye David Rudisha, aliyefunzwa na O'Connell, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London tarehe 9 Agosti 2012, kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hatusemi kwamba kila mwalimu wa jiografia atatoa bingwa. Tunasema kwamba mtu aliyeshika chaki asubuhi na saa ya kupimia mbio jioni aliweza kuwa mtu mmoja.

Kwetu Tanzania, medali zetu za Olimpiki zilipatikana Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mbio za mita 3000 za kuruka vihunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5000. Nyambui alikuwa akisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, nchini Marekani. Bayi, baada ya kuacha mbio, alianzisha shule zinazoitwa kwa jina lake. Mmoja aliingia darasani kwa njia ya miguu yake. Mwingine alitumia jina lililopatikana kwa miguu kuwajengea wengine darasa. Wanaosema kwamba mshika mawili moja humponyoka na waitazame mifano hii. Methali hiyo ni ya kweli kwa yule anayeshika mawili bila mpango.

Hekima ya ndiva

Mpango huo tunaweza kujifunza Upareni penyewe. Wapare tangu zamani wamekuwa na ndiva: bwawa dogo la kukusanya maji ya kijito, aghalabu usiku, ili yafunguliwe mchana na kupelekwa mashambani kwa mifereji. Maji ni machache na mashamba ni mengi. Kwa hiyo kila mwenye shamba huwa na zamu yake, na zamu hujulikana kabla maji hayajaachiwa. Asiyeridhika husema kikaoni; hasubiri maji yakiwa njiani ndipo auzibe mfereji wa jirani.

Makanya ipo chini ya bonde. Maji yakitumiwa yote huko juu, wa chini hubaki na mfereji mkavu. Katika mgawanyo wa saa za shule, aliye chini ya bonde ni mtoto. Mwalimu wa taaluma akichukua sehemu yake, mwalimu wa michezo akichukua yake, na nyumbani wakichukua yao, kinachobaki ndicho usingizi wa mtoto, chakula chake na wakati wake wa kupumzika. Mgawanyo wowote usiombakizia aliye chini si mgawanyo wa haki, hata kama walimu wawili wamekubaliana na kupeana mikono.

Hatua za kufuata

Tunapendekeza hatua sita. Hakuna inayohitaji fedha.

1. Kalenda moja. Mwezi Januari, kabla ya muhula kushika kasi, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa michezo wakae pamoja mbele ya mwalimu mkuu. Waandike katika karatasi moja tarehe za majaribio, mitihani, mazoezi na mashindano yanayotarajiwa. Mgongano unaoonekana Januari ni jambo la kupanga. Mgongano huohuo ukionekana Mei ni ugomvi.

2. Zamu za alasiri. Siku za kipindi cha ziada zisiwe siku za mazoezi. Kwa mfano, Jumatatu na Jumatano ziwe za masomo. Jumanne na Alhamisi ziwe za uwanja. Ijumaa mtoto awe huru kwenda nyumbani mapema. Katika nchi ya joto kama tambarare ya Same, mazoezi mazito yasifanywe saa nane wala saa tisa. Mchakamchaka wa asubuhi, unapoongozwa vizuri, waweza kuchukua sehemu ya kazi ya uwanja bila kugusa kipindi hata kimoja.

3. Daftari la vipindi vilivyokosekana. Kila mchezaji awe na ukurasa wake. Kipindi kinapokosekana, mwalimu wa michezo ndiye anayeandika tarehe, somo na mada, naye mwalimu wa somo huweka saini siku kinapofidiwa. Kwa njia hii mwalimu wa michezo anaiona gharama ya mazoezi yake, na mwalimu wa somo anaona kwamba gharama hiyo inalipwa.

4. Michezo isiwe adhabu wala rushwa. Mtoto asiyejua sehemu hatazijua kwa kunyimwa mpira. Anachokosa ni mafundisho, na mafundisho ndiyo apewe. Hali kadhalika, mtoto hodari uwanjani asisamehewe kazi za darasani, maana msamaha huo humwambia kwamba shule haimtarajii kujifunza.

5. Mzazi aitwe mapema. Mzazi aelezwe ratiba na aulizwe kazi za mtoto nyumbani. Yafaa kuzungumza naye kwa unyenyekevu: "Mama, tunaomba siku mbili katika juma, je, siku zipi hazitakuumiza?" Mara nyingi wasichana huacha michezo si kwa sababu hawaipendi, bali kwa sababu alasiri zao zilikwisha kugawiwa kabla shule haijauliza.

6. Mtoto asikilizwe. Ibara ya 12 ya Mkataba tulioutaja inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Kumsikiliza si kumwachia uamuzi wote. Ni kumwuliza anachoka wapi, anapenda nini na anaogopa nini, kisha wakubwa waamue wao kwa wao, naye apewe jibu moja.

Tuurudie mfano wetu. Kwa hatua hizi, mwalimu wa hisabati angemwendea mwenziwe ofisini na kumwambia, "Mwalimu, mfungaji wako ameshindwa sehemu na desimali. Naomba Jumatatu na Jumatano." Naye angejibu, "Chukua, Mwalimu. Nami nitamwachia Ijumaa amsaidie mama yake. Lakini wiki ya mashindano ya wilaya nitamhitaji siku tatu." "Basi tuandike vipindi atakavyokosa, tuvifidie juma linalofuata." Mazungumzo haya huchukua dakika tano. Hayamtaki mtu yeyote ashindwe, na mtoto hakuwamo katikati yake.

Uwanja kama darasa

Njia nyingine ya kupunguza mvutano ni kuufanya uwanja ufundishe. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, nao umegawanywa katika sehemu tatu zilizo sawa. Wanafunzi wakiuchora wenyewe kwa kamba na majivu, watapata kwamba kila theluthi ina urefu wa takriban mita 10.17, kwamba mzingo wake ni mita 91.5, na kwamba urefu ni mara mbili ya upana. Duara la mfungaji lina nusu kipenyo cha mita 4.9, hapo pana somo la nusu duara. Yule msichana anayeogopa desimali ubaoni husimama kila siku ndani ya desimali.

Kwa riadha, mwalimu aweza kutumia rekodi ya dunia ambayo Filbert Bayi aliiweka Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974: mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Wanafunzi wageuze muda huo kuwa sekunde, wapate 212.16; kisha wagawanye, waone kwamba alikimbia zaidi kidogo ya mita 7 kwa kila sekunde. Wapime mita 7 uwanjani kwa hatua, wajaribu kuzikimbia kwa sekunde moja. Watalielewa neno "mwendo" kuliko walivyolielewa kitabuni.

Tahadhari ni kwamba somo la namna hii lazima liwe na andalio kama masomo mengine, lenye lengo, hatua na upimaji. Kuwapeleka watoto uwanjani na kuwaachia mpira si elimu ya michezo, na mwalimu wa taaluma atakuwa na haki ya kulalamika.

Hitimisho

Walimu wawili wanaotofautiana juu ya mtoto mmoja, kila mmoja kwa nia njema, ni dalili kwamba shule ina walimu wanaojali. Shule ambayo hakuna anayegombania saa za mtoto iko katika hali mbaya zaidi. Kwa hiyo mwalimu mpya asiuogope mvutano huu, wala asiukimbie kwa kujiunga na upande wenye nguvu. Auchukue kutoka mabegani mwa mtoto, aupeleke mezani penye kalenda, na huko uamuliwe na wakubwa. Sehemu inayobaki, baada ya kila mwenye dai kupata zamu yake, iwe ya mtoto mwenyewe, apumzike.

Maswali ya majadiliano

1. Katika shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha, nani alipanga saa za michezo, na nani hakushirikishwa?
2. Kokotoa vipindi ambavyo mchezaji mmoja wa shule hiyo angeweza kukosa katika muhula mmoja. Pendekeza namna ya kuvifidia.
3. "Asiyefaulu jaribio asicheze." Jadilini kauli hii katika makundi mawili, kila kundi litetee upande lisiouamini.
4. Andaa somo moja la hisabati au jiografia litakalofundishwa uwanjani, ukionyesha lengo, hatua na upimaji.